Usikokotoe, hesabu vyumba: ninavyotatua maswali ya seti zinazoingiliana

Daftari langu la makosa lilikuwa na safu tatu: swali, nilichojibu, na kwa nini nilikosa. Wiki ya tatu ya kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, nililifungua nikahesabu makosa yote niliyofanya kwenye maswali ya utoshelevu wa data yenye seti zinazoingiliana, yaani makundi ambayo mtu mmoja anaweza kuwemo kwenye zaidi ya moja. Yalikuwa kumi na saba. Mawili tu yalitokana na kujumlisha au kutoa vibaya. Katika yale kumi na tano mengine hesabu ilikuwa sawasawa, ila nilikuwa nimekokotoa kitu ambacho hakuna aliyekiuliza, au nimejibu C, yaani kwamba kauli zote mbili zinahitajika, kwa sababu zikiunganishwa zilinipa namba nzuri, kumbe moja peke yake ilishamaliza kazi.

Siku hizi nawasaidia wengine kujiandaa, na kwenye madaftari yao nakuta makosa yangu yaleyale, mwandiko tu ndio tofauti. Ndiyo maana nimeona niandike ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kalamu ikiwa mkononi.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na aina hii ya swali: unapewa maelezo mafupi na swali, kisha kauli mbili zenye namba (1) na (2). Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki kamwe. A: kauli (1) peke yake inatosha, (2) peke yake haitoshi. B: kinyume cha hapo. C: hakuna inayotosha peke yake, lakini zikiunganishwa zinatosha. D: kila moja peke yake inatosha. E: hata zikiunganishwa hazitoshi. Yakariri kama unavyolijua jina lako, maana dakika ya mtihani si ya kuyasoma. Katika toleo la mtihani lililoanza Novemba 2023 maswali haya yametolewa kwenye sehemu ya hesabu yakapelekwa sehemu ya data, ambayo ina maswali 20 kwa dakika 45. Hiyo ni dakika mbili na robo kwa kila swali. Kwenye sehemu hiyo kikokotoo kipo kwenye skrini. Mimi ukiniona nakifungua katika swali la seti, ujue nimeshapotea njia.

Vyumba vinne

John Venn, mwanamantiki wa Uingereza, alieleza michoro yake ya duara, kila duara ikiwa seti moja, mwaka 1880, na chuo chake huko Cambridge, Gonville and Caius, kilimwekea dirisha la vioo vya rangi lenye duara tatu zinazoingiliana. Namheshimu. Lakini seti zikiwa mbili simtumii, na sababu ni moja: duara zinavutia macho ndani, na watu walio nje ya duara zote mbili wanasahaulika. Halafu mtu akikwambia "wasiosoma riwaya ni 45", hao 45 kwenye duara huna pa kuwaandika. Wamegawanyika: wengine wako kwenye mwezi mwandamo wa upande wa pili, wengine nje kabisa.

Nachora jedwali. Seti ya kwanza inakaa juu, ndiyo na hapana. Seti ya pili inakaa kushoto, ndiyo na hapana. Ndani vinapatikana vyumba vinne: ndiyo-ndiyo, ndiyo-hapana, hapana-ndiyo, na hapana-hapana. Pembeni na chini zinakaa jumla, na kwenye kona jumla kuu.

Tuchukue swali rahisi ili tukubaliane namna ya kuandika. Chama cha wasomaji kina wanachama 120. Wangapi wanasoma riwaya na mashairi pia?

(1) Wanaosoma riwaya ni 75 na wanaosoma mashairi ni 60.
(2) Wasiosoma riwaya wala mashairi ni 20.

| | Riwaya | Si riwaya | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mashairi | ? | | 60 |
| Si mashairi | | 20 | |
| Jumla | 75 | | 120 |

Alama ya kuuliza naiandika kabla ya namba yoyote. Hili nalisisitiza hadi wanafunzi wangu wananicheka. Chumba kinachoulizwa kikishawekewa alama, kila kauli unaisoma ukiwa na jambo moja kichwani: je, hii inanifikisha pale?

Nikiwa na kauli (1) peke yake, jedwali linakataa kufunguka. Je, nina uhakika? Nalijaza kwa namna mbili tofauti. Chumba cha ndiyo-ndiyo kikiwa na 15, hapana-hapana kina 0, na kila kitu kinakaa sawa. Kikiwa na 60, hapana-hapana kina 45, na bado kila kitu kinakaa sawa. Majedwali mawili halali yenye majibu mawili tofauti ndiyo ushahidi kwamba kauli haitoshi. Hisia tu kwamba "kuna kitu kinakosekana" si ushahidi. Kauli (2) peke yake haina hata pa kuanzia. Zikiunganishwa, wasiosoma riwaya ni 45, ukitoa 20 wanabaki 25 wanaosoma mashairi bila riwaya, na 60 ukitoa 25 ni 35. Jibu ni C.

Lakini ile 35 sikuihitaji. Kanuni ya jedwali ni kwamba katika kila mstari wa nafasi tatu, mbili zikijulikana ya tatu inajifungua. Nikiona kwa macho kwamba nafasi hii inafungua ile na ile inafungua ya alama ya kuuliza, naandika C na kusonga mbele. Ukipiga hesabu mpaka mwisho umefanya kazi ambayo hailipwi.

Jedwali zima lina nafasi tisa, lakini kufuli zake ni nne tu. Taarifa nne zisizojirudia zinafungua vyumba vyote. Nasema zisizojirudia kwa makusudi. Jumla kuu, wanaosoma riwaya na wasiosoma riwaya ni namba tatu machoni, lakini ni funguo mbili tu, kwa sababu ya tatu ungeipata mwenyewe. Watunzi wa mitihani wanalijua hili kuliko sisi.

Kauli zilezile, majibu matano

Hapa ndipo penye moyo wa mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunionyesha orodha aliyojitengenezea: kauli za aina hii hutosha, kauli za aina ile hazitoshi. Alitaka nimhakikishie. Sikubishana naye, nilimwandikia hili.

Shirika lina wafanyakazi wanawake na wanaume, wapo wenye shahada na wapo wasio nayo.

(1) Asilimia 40 ya wafanyakazi wanawake wana shahada.
(2) Asilimia 25 ya wafanyakazi wenye shahada ni wanaume.

Kauli hizo hazitabadilika. Nitabadilisha swali.

Swali la kwanza: ni asilimia ngapi ya wafanyakazi wote ambao ni wanawake wenye shahada? Wengi wanajibu C bila kusita, maana wanaona asilimia mbili na chumba kimoja. Jaribu. Wafanyakazi wawe 60. Wanawake wakiwa 30, wenye shahada kati yao ni 12. Hao ni asilimia 75 ya wenye shahada wote, kwa hiyo wenye shahada wote ni 16 na wanaume wenye shahada ni 4. Jedwali linakaa vizuri na jibu ni asilimia 20. Sasa wanawake wawe 45. Wenye shahada kati yao ni 18, wenye shahada wote ni 24, wanaume wenye shahada ni 6 kati ya wanaume 15. Nalo linakaa vizuri, na jibu ni asilimia 30. Kwa hiyo ni E.

Swali la pili: uwiano wa wanawake wenye shahada kwa wanaume wenye shahada ni upi? Kauli (2) inasema wote kwenye mstari wa shahada wamegawanyika 75 kwa 25, yaani 3 kwa 1. Kauli (1) haigusi wanaume. Jibu ni B.

Swali la tatu: uwiano wa wanawake wenye shahada kwa wanawake wasio nayo? Hapo kauli (1) inatosha, 2 kwa 3, na kauli (2) haina la kusema kuhusu wasio na shahada. Jibu ni A.

Swali la nne: uwiano wa wanawake wasio na shahada kwa wanaume wenye shahada? Vyumba hivi viwili havipakani, vinatazamana kwa pembe. Lakini vyote vinapakana na chumba cha wanawake wenye shahada. Hicho ndicho daraja. Kauli (1) inakipa sehemu 2, kauli (2) inakipa sehemu 3. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6. Kiwe 6. Basi wanawake wasio na shahada ni 9 na wanaume wenye shahada ni 2. Uwiano ni 9 kwa 2, jibu ni C. Rudi kwenye majedwali mawili ya swali la kwanza uhakikishe: 18 kwa 4, na 27 kwa 6. Yote mawili ni 9 kwa 2, ingawa hatujui shirika lina watu wangapi wala wanawake ni sehemu gani ya wote.

Swali la tano: je, yupo walau mwanamke mmoja mwenye shahada? Wanawake wapo, na asilimia 40 ya watu waliopo haiwezi kuwa sifuri. Wenye shahada wapo, na asilimia 75 yao ni wanawake. Kila kauli peke yake inajibu ndiyo. Jibu ni D.

Nilipomaliza aliikunja ile orodha yake akaiweka mfukoni. Kauli haina utoshelevu wake yenyewe. Inatosha au haitoshi kwa swali fulani. Ndiyo maana natumia sekunde kama thelathini kwenye swali kabla sijazigusa kauli, na ninaowafundisha wakiniambia huo ni muda mwingi nawaambia wajipime kwa saa wiki nzima, halafu turudi kwenye mazungumzo.

Ile "ya" ndogo

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mimi taarifa za asilimia nazigeuza Kiswahili kichwani, kwa sababu kwetu neno dogo "ya" linaonyesha wazi nani anagawanywa. Asilimia 40 ya wanawake wana shahada: ninayemgawanya ni safu ya wanawake. Asilimia 40 ya wenye shahada ni wanawake: ninayemgawanya ni mstari wa shahada. Asilimia 40 ya wafanyakazi ni wanawake wenye shahada: ninayegawanya ni kona, jumla kuu. Sentensi tatu zenye maneno karibu yaleyale, zinaingia sehemu tatu tofauti za jedwali. Kabla ya kuandika asilimia yoyote nauliza: ya nani?

Jambo la pili kuhusu asilimia. Kama taarifa zote ni asilimia na swali linauliza asilimia, weka jumla kuu iwe 100. Hiyo ni kufuli moja umeifungua bure. Kama taarifa zote ni asilimia au uwiano na swali linauliza idadi ya watu, lazima pawepo namba moja halisi mahali fulani, la sivyo jibu ni E. Isipokuwa kitu kimoja, nacho kimewaliza wengi, mimi nikiwemo.

Kikundi cha muziki kina watu zaidi ya 20 na pungufu ya 60. Kila mmoja anapiga gitaa au piano au vyote viwili. Wangapi wanapiga vyote viwili?

(1) Wapiga gitaa ni 4/5 ya kikundi, na wapiga piano ni 3/7 ya kikundi.
(2) Wasiopiga piano ni 20.

Hili lilikuwa kosa langu la tisa kwenye lile daftari, na niliandika C kwa herufi kubwa yenye kujiamini. Niliona kauli (1) ni sehemu tupu, kauli (2) ni namba halisi, zikiunganishwa 4/7 ya kikundi ni 20, kikundi ni 35, basi. Hesabu safi. Nilisahau kwamba watu hawakatwi vipande. Idadi inayogawanyika kwa 5 na kwa 7 ni kigawe cha 35, na kati ya 20 na 60 kipo kimoja tu. Kauli (1) peke yake imeshasema kikundi ni 35, gitaa 28, piano 15, na kwa kuwa hakuna wa hapana-hapana, wanaopiga vyote ni 28 + 15 − 35, yaani 8. Kauli (2) peke yake inakupa wapiga gitaa pekee 20 na kukuacha hapo. Jibu ni A.

Tangu siku hiyo nikiona sehemu za ajabu kama za saba au za kumi na moja, pamoja na mpaka wa idadi kwenye maelezo, natia nyota pembeni. Mtunzi haandiki "zaidi ya 20 na pungufu ya 60" kwa kupamba.

Na kwa kuwa tumefika hapo: kauli mbili kwenye mtihani huu hazipingani kamwe. Kama kauli (1) imekupa 35 na kauli (2) imekupa 42, kosa ni lako. Ni njia nzuri ya kujikagua, ila isikupeleke kubaya: ukiwa unapima kauli (2) peke yake, futa kabisa kichwani kile ulichojua kutoka kauli (1). Mimi naifunika kwa kiganja ninapofanya mazoezi kwenye karatasi. Kwenye skrini nachora jedwali jipya tupu upande wa kulia wa ubao wangu, silitumii la kwanza.

Vyumba vinavyojifuta

Wakati mwingine swali linauliza tofauti, na tofauti haijali kilichomo kwenye chumba cha pamoja. Je, wanaosoma Fizikia ni wengi kuliko wanaosoma Kemia? (1) Wanaosoma Fizikia pekee wanazidi wanaosoma Kemia pekee kwa 18. (2) Wanaosoma yote mawili ni 40. Wasomao yote mawili wamo kwenye jumla zote mbili, kwa hiyo ukitoa wanajifuta, wawe 40 au 400. Kauli (1) inatosha, (2) haitoshi, jibu ni A. Aliyezoea kujaza jedwali zima atasema C, kwa kuwa anataka kujua kila chumba kina nani.

Kuna pia kauli pacha. Watu 90, wanaoongea Kifaransa ni 40, wangapi wanaongea Kifaransa na Kijerumani? (1) Wasioongea lugha yoyote kati ya hizo ni 12. (2) Wanaoongea walau moja ni 78. Ukitoa 12 kwenye 90 unapata 78: ni kauli moja iliyovaa nguo mbili. Zikiwa pacha, C haiwezekani kabisa, wala A wala B. Ni D au E. Hapa ni E, kwa kuwa tunajua wa Kijerumani pekee ni 38 lakini vyumba viwili vya Kifaransa vinagawana 40 wapendavyo. Laiti maelezo yangetaja pia kwamba wanaoongea Kijerumani ni 50, ingekuwa D. (Na hapo ungeona kitu cha kupendeza: 40 na 50 zikitimiza 90, waliomo kwenye ndiyo-ndiyo wanalingana daima na waliomo kwenye hapana-hapana. Jaribu kwenye jedwali uone kwa nini.)

Maswali ya ndiyo au hapana yana tabia yake. Wasafiri ni 60. Je, wenye leseni ya udereva na pasipoti pia ni zaidi ya 20? (1) Wenye leseni ni 45, wenye pasipoti ni 38. (2) Wasio na chochote ni 5. Kwa kauli (1) huwezi kujua chumba cha ndiyo-ndiyo kina wangapi. Lakini 45 na 38 ni 83, watu ni 60, kwa hiyo angalau 23 wamehesabiwa mara mbili. Kuanzia 23 kwenda juu yote ni zaidi ya 20. Ndiyo, kila mara. Inatosha. Kauli (2) inasema 55 wana walau kimoja na kunyamaza. Jibu ni A. Swali la ndiyo au hapana halihitaji namba. Linahitaji kwamba namba zote zinazowezekana zikae upande mmoja wa mstari. Pima ndogo kabisa na kubwa kabisa, zile za katikati ziache.

Seti zikiwa tatu

Hapo jedwali linakufa, nami narudi kwa Venn. Lakini kabla ya kuchora chochote najaribu njia ya vitambulisho, ambayo kwangu imemaliza sehemu kubwa ya maswali ya seti tatu.

Fikiria kila kikundi kinampa kila mwanachama wake kitambulisho kimoja. Aliye kwenye kikundi kimoja tu ana kitambulisho kimoja, aliye kwenye viwili tu ana viwili, aliye kwenye vyote ana vitatu. Ukijumlisha orodha za vikundi vitatu hujahesabu watu, umehesabu vitambulisho.

Watu 100, kila mmoja yumo kwenye walau kikundi kimoja kati ya vitatu, vyenye wanachama 62, 51 na 37. Wangapi wamo kwenye vyote vitatu?

(1) Walio kwenye vikundi viwili tu ni 30.
(2) Walio kwenye kikundi kimoja tu ni 60.

Vitambulisho ni 150, watu ni 100, kwa hiyo vilivyozidi ni 50. Aliye kwenye kimoja hachangii ziada. Aliye kwenye viwili tu anachangia kimoja, aliye kwenye vyote anachangia viwili. Kauli (1): watu 30 wamechangia 30, zimebaki 20, basi walio kwenye vyote ni 10. Kauli (2): watu 40 waliobaki wanachangia 50, kama kila mmoja angechangia kimoja ingekuwa 40, zile 10 za juu ni za walio kwenye vyote. Ni 10 tena. Jibu ni D, na duara hazikuchorwa.

Tahadhari ni moja. "Walio kwenye cha kwanza na cha pili" si sawa na "walio kwenye cha kwanza na cha pili tu". Wa kwanza wanajumlisha na wale wa vyote vitatu. Ukiona kauli inataja jozi bila neno "tu", waliomo kwenye vyote wamehesabiwa ndani ya kila jozi, mara tatu. Kwenye daftari langu makosa manne yalikuwa ya kineno hicho kimoja.

Namna ya kufanya mazoezi

Usitatue maswali hamsini kwa wiki. Tatua kumi, halafu kila swali lifanyie nilivyofanya kwenye lile la shahada: acha kauli kama zilivyo, badilisha swali mpaka jibu libadilike. Au acha swali, badilisha neno moja kwenye maelezo. Nikuachie la kuanzia.

Katika karakana moja, wafanyakazi wenye mafunzo ya umeme au ya uchomeleaji au yote mawili ni 60. Wangapi wana yote mawili?

(1) Robo ya wenye mafunzo ya umeme wana pia ya uchomeleaji.
(2) Theluthi ya wenye mafunzo ya uchomeleaji wana pia ya umeme.

Funika aya inayofuata.

Wenye yote mawili wawe sehemu moja. Wa umeme ni sehemu nne, wa uchomeleaji ni sehemu tatu, na kwa pamoja bila kumrudia mtu ni sehemu sita. Sehemu sita ni 60. Jibu ni C. Sasa badilisha maelezo yasome kwamba 60 ni wafanyakazi wote wa karakana, kauli zibaki zilezile. Chumba cha hapana-hapana kimefunguliwa mlango, na hakuna kauli inayokifunga: wenye yote mawili wanaweza kuwa 10 pasiwepo asiye na mafunzo, au 5 wakawepo 30 wasio nayo. Jibu ni E.